Lugha Tunayoichagua Katika Simu: Somo Kutoka kwa Wanafunzi wa Kisangani



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi tunaliona kuwa dogo: lugha ambayo kijana anaichagua anapotuma ujumbe katika simu. Wanafunzi wetu wa chuo kikuu wanaandika Kifaransa, Lingala na Kiswahili, na kwa sauti wanatumia pia lugha za nyumbani. Kila mara wanachagua, hata wakiwa hawafikirii. Katika mji wenye watu waliokimbia vita, uchaguzi huo unaweza kutuliza mtaa mzima au kuufanya ulale nje.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma na kujadiliana, kila mshiriki aweze:
1. kueleza kwa nini vijana wetu wanabadilisha lugha katika simu;
2. kutambua namna ujumbe wa kweli unavyogeuka kuwa uvumi unapotoka lugha moja kwenda nyingine;
3. kuandika tangazo ambalo halitamtisha mtu yeyote, wa upande wowote.

Tuanze na jambo lililotokea

Mwezi wa pili wa mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulilipuka upande wa kushoto wa mto, katika teritwari ya Ubundu na komini ya Lubunga. Mamia ya watu waliuawa, na maelfu mengi walikimbia, wengi wao wakiingia mjini Kisangani. Familia moja kati ya hizo ilipokelewa na jamaa zake katika komini ya Mangobo. Hatutaji kabila lake wala majina, kwa sababu jambo hili lingeweza kuipata familia yoyote.

Siku moja lilitoka tangazo la Kifaransa: watu wa kuandikisha familia zilizohama watapita kesho yake. Kijana wa familia hiyo, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipiga picha ya tangazo na kuituma katika kundi la WhatsApp la ukoo. Chini yake akaandika kwa Lingala maneno machache: «Bazali koya lobi, bomibongisa.» Maana yake ni: «Wanakuja kesho, jitayarisheni.»

Shangazi yake hakujua kusoma Kifaransa. Picha aliiacha, lakini maneno ya Lingala aliyaelewa, akayapitisha kwa jamaa waliobaki Lubunga ili nao wavuke na kuandikwa. Jamaa mmoja akayatia katika kundi la mtaa. Saa tatu za usiku maneno yale yalikuwa yamefika kwa watu ambao hawakuona picha, hawakumjua kijana, wala hawakujua habari za kuandikishwa. Walichosoma ni kimoja tu: wanakuja, jitayarisheni.

Familia kadhaa zilichukua watoto na sufuria zikaenda kulala ukingoni mwa mto. Majirani wa kabila lingine waliwaona wakiondoka gizani, wakaambiana: «Hawa wanajua kitu.» Nao wakatoa mapanga, wakakesha. Hakuna aliyeuawa usiku ule. Lakini mama mmoja mzee alianguka kwenye mteremko wa mto, akavunjika mkono, na ilibaki kidogo sana damu imwagike. Asubuhi watu wa kuandikisha walifika na madaftari yao, wakashangaa kukuta mtaa mtupu.

Kijana hakusema uongo. Shangazi hakuwa na nia mbaya. Basi kosa lilikuwa wapi?

1. Mji wetu uko kwenye njia panda ya lugha

Kisangani ni mahali ambapo Kiswahili na Lingala vinakutana. Kiswahili kilitoka mashariki pamoja na misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na watu wake waliacha lugha yao hapa. Lingala ilipanda mto pamoja na meli na askari, safari ya karibu kilomita 1,700 kutoka Kinshasa. Kifaransa kilikuja na ofisi na shule. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba.

Chini ya lugha hizo kubwa ziko lugha za nyumbani: Kimbole, Kilengola, Kikumu, Kilokele, Kitopoke, Kigenya na nyingine. Ukielekea Opala au Isangi utasikia Lingala zaidi. Ukielekea Ubundu utasikia Kiswahili zaidi. Mjini vyote vinachanganyika, na hata jina la baiskeli zinazobeba abiria, toleka, ni neno la Lingala linalotumiwa na kila mtu.

Lakini lugha zina kumbukumbu. Mwaka 1964 Wasimba walipouteka mji huu walikuja na Kiswahili, na askari wa serikali waliopigana nao walisema Lingala. Mwezi wa tatu wa mwaka 1997 jeshi la AFDL liliingia na Kiswahili, na askari wa Mobutu wakaondoka na Lingala yao. Mwezi wa sita wa mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana siku sita katikati ya nyumba zetu. Wazee wetu wanakumbuka nyakati ambazo mtu alipimwa kwa lugha aliyoitikia alipoitwa. Ndiyo maana hata leo, hofu ikipanda, sikio linauliza kwanza: huyu anasema lugha gani?

2. Vijana wanachaguaje?

Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963, na masomo yake hutolewa kwa Kifaransa. Wanafunzi wanatoka Tshopo, Ituri, Uele, Kivu na mbali zaidi. Tumekaa na baadhi yao, waliohama na wasiohama, tukawauliza wanavyofanya katika simu zao. Majibu yao yanafanana.

Kifaransa wanakitumia kwa mambo ya masomo, kwa maombi kwa wakubwa, na pia pale wanapotaka kumkemea mwenzao bila kumtukana. Kijana mmoja alituambia: «Nikikasirika ninaandika Kifaransa, ili nionekane nimetulia.»

Lingala ni ya utani, muziki, mpira, mapenzi na biashara. Ni lugha ya kusema na mji mzima.

Kiswahili ni cha nyumbani kwa wengi, cha kusali, cha kutoa pole, na cha kuongea na jamaa walioko Kivu na Ituri.

Lugha ya kabila ni ya kumsalimu babu, ya kulia msiba, ya methali, na pia ya siri. Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Vijana wengi hawakufundishwa kuandika lugha zao za nyumbani, kwa hiyo wanazituma kwa sauti, katika odio. Matokeo yake, yanayoandikwa yako katika lugha tatu kubwa, na yanayosikika usiku chini ya turubai yako katika lugha ya kabila. Kiongozi anayesoma maandishi tu anajua nusu ya mazungumzo.

Wataalamu walioichunguza tabia hii wanatusaidia kuielewa. John Gumperz, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alieleza kwamba watu wenye lugha mbili mara nyingi wanakuwa na «lugha ya sisi» na «lugha ya wao». Carol Myers-Scotton alifanya kazi Nairobi, na akaonyesha kwamba kuchagua lugha ni kuchagua uhusiano. Anatoa mfano wa mlinzi mlangoni mwa ofisi. Mgeni anafika, wanaongea Kiswahili kama watu wasiojuana. Mlinzi akitambua kwamba mgeni ni wa kabila lake, anageukia Kiluyia, na mara hiyo wanakuwa ndugu.

Ni jambo zuri. Lakini sisi tunaofanya kazi ya amani tunauliza swali moja zaidi: kama kuna mtu wa tatu amesimama nyuma kwenye mstari, yeye anasikia nini? Anasikia mlango ukifungwa.

Katika simu mtu wa tatu yuko siku zote, ila hatumwoni. Ujumbe wowote unaweza kupitishwa, kupigwa picha, kusikilizwa na jirani kupitia ukuta wa turubai. Katika mazungumzo ya ana kwa ana unajua nani yupo. Katika simu hujui.

3. Kwa nini ujumbe ule ulipotea njia

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tukichunguza maneno yake machache tunaona sababu nne.

Kwanza, «wanakuja» haina mwenyewe. Katika Lingala ni silabi moja tu, «ba-», na katika Kiswahili chetu cha Kisangani ni hivyo hivyo: «banakuya». Nani wanakuja? Wakati wa utulivu ni wageni. Wakati wa vita ni adui. Hofu ndiyo inayojaza nafasi iliyoachwa wazi.

Pili, Kifaransa kilibaki nyuma. Maelezo yote yalikuwa katika picha ya Kifaransa, na hofu yote ilikuwa katika maneno ya Lingala. Watu hawapitishi wasichoweza kusoma. Kwa hiyo ujumbe ulipogawanyika, kilichosafiri ni kipande kisicho na maelezo.

Tatu, «kesho» haina tarehe. Ujumbe ukipitishwa siku ya pili, «kesho» inahama nayo. Katika Lingala neno «lobi» ni kesho na pia ni jana. Ujumbe wa namna hiyo hauzeeki, unaweza kuamka tena baada ya juma zima.

Nne, Lingala inavuka mto. Kama kijana angesema kwa lugha ya kabila lake, maneno yasingefika mbali hivyo. Hii haimaanishi Lingala ni mbaya. Inamaanisha kwamba ukitumia lugha ya watu wote, uandike kama mtu anayesema mbele ya watu wote.

4. Je, tukataze lugha za kabila?

Baadhi ya viongozi wametuuliza: «Kwa nini tusiamue kwamba katika makundi yote ya simu ni Kifaransa tu?» Tunawaheshimu wazee wetu, lakini hapa tunasema hapana.

Mtu aliyehama ameacha nyumba, shamba na makaburi ya wazazi wake. Lugha ndiyo mali aliyovuka nayo bila mzigo. Mama anayemlilia mtoto wake kwa Kimbole au kwa Kilengola hajengi vita, anatafuta nafuu. Tukimnyang'anya lugha hiyo tunamhamisha mara ya pili. Na Kifaransa peke yake kinawafungia nje wamama wengi na wazee wengi.

Kinachokatazwa ni chuki, katika lugha yoyote. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila, na sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa pia yale tunayosambaza kwa simu. Mtu asidhani kwamba tusi lililosemwa kwa lugha ndogo halionekani. Ni kweli kwamba kampuni za mitandao zilizo mbali hazina watu wa kusikiliza kila lugha ya Tshopo. Lakini jirani yako anaisikia. Wambole na Walengola wameoana, wamesoma pamoja, wamefanya soko moja. Daima kuna mtu wa upande wa pili anayeelewa.

Wenzetu wa Kenya walijifunza jambo hili kwa uchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maneno ya chuki yalipita katika ujumbe wa simu na katika baadhi ya redio za lugha za kabila. Mwaka 2008 nchi hiyo iliunda tume ya mshikamano wa kitaifa. Miaka michache baadaye, katika eneo la Delta ya Tana, Wapokomo na Waorma waliuana kwa sababu ya ardhi na maji, mwaka 2012 na 2013. Huko ulianzishwa mpango ulioitwa Una Hakika. Mwananchi akisikia uvumi aliutuma kwa simu, watu wa kuaminika wa pande zote waliuchunguza, na jibu lilirudi kwa wananchi. Ni swali dogo, «una hakika?», lakini linaweza kuzuia panga.

5. Kosa langu mwenyewe

Nisiwalaumu wanafunzi peke yao. Wakati fulani mimi mwenyewe niliitisha mkutano wa familia zilizohama. Niliandika tangazo kwa Kifaransa katika simu, kwa sababu ilikuwa haraka na lilionekana rasmi. Wakaja wanaume sita na wanafunzi wawili. Mkutano ulikuwa juu ya usalama wa wasichana wanapokwenda kuteka maji, na hakuna mama hata mmoja aliyekuwepo.

Kesho yake nilikwenda kuuliza. Mama mmoja akaniambia kwa upole: «Mwanangu, karatasi yako ilitufikia, lakini maana yake ilibaki kwako.» Tangu siku hiyo situmi tangazo lolote katika lugha moja tu.

6. Hekima ya ngoma

Mababu zetu walituma habari za mbali kabla ya simu. Walokele wanajulikana kwa ngoma yao ya mbao inayosema. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu karibu na mji wetu, aliijifunza, akaandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma inatoa sauti ya juu na ya chini tu, kwa hiyo maneno mengi mafupi yanafanana. Ili wasikosee, wapigaji hawakupiga neno peke yake. Waliliongezea maneno marefu ya kulifafanua, na waliwaita watu kwa majina yao ya ngoma.

Mababu walijua kwamba ujumbe unaokwenda mbali unahitaji kurefushwa. Sisi tunafanya kinyume: kwa kuogopa kumaliza mega na uniti, tunaufupisha mpaka hauna maana.

7. Mashauri kwa kila mmoja

Kwa wanafunzi. Ninyi ndio wakalimani wa familia zenu. Kabla ya kutuma, andikeni mambo matano: nani anakuja, kufanya nini, siku gani na tarehe, saa ngapi, na habari imetoka kwa nani. Ukituma picha ya Kifaransa, tafsiri maana yake katika ujumbe huo huo. Angalieni pia mitego ya tafsiri. Saa mbili ya asubuhi kwa Kiswahili ni saa nane kwa hesabu ya Kifaransa na ya Lingala, basi andika 8h00. Jumanne ina «nne» ndani yake, lakini kwa Lingala ni «mokolo ya mibale», siku ya pili, na «mokolo ya minei» ni Alhamisi. Tarehe inaondoa ubishi.

Huu ni mfano wa tangazo zuri: «Habari kutoka kwa kiongozi wa eneo. Watu wa kuandikisha familia watakuja Jumanne tarehe 14, 8h00, kwenye uwanja wa shule. Kila mama alete kadi yake. Hakuna hatari.» Na kwa Lingala chini yake: «Bato ya kokoma bankombo ya mabota bakoya mokolo ya mibale, le 14, na 8h00, na libanda ya eteyelo. Likama ezali te.»

Kwa familia. Usipitishe kipande. Kama huelewi sehemu moja ya ujumbe, muulize kijana kabla ya kuutuma. Tazama alama iliyo juu ya ujumbe: tangu mwaka 2018 WhatsApp inaonyesha kwamba ujumbe umepitishwa, na mishale miwili maana yake umepita mikononi mwa watu wengi. Ukiiona, mpigie simu mtu unayemjua aliye mahali penyewe.

Kwa viongozi. Wekeni wasimamizi wawili au watatu katika kila kundi la mtaa, wanaoelewa lugha tofauti, akiwemo mtu wa kila jamii. Odio ya lugha ya kabila ikiingia katika kundi la watu wote, aliyeituma aeleze maana yake kwa Lingala au Kiswahili. Asiadhibiwe kwa kutumia lugha yake. Uvumi ukitoka, jibuni haraka katika lugha zote mlizonazo, na wasemaji wawe wa pande zote mbili. Watu wanaamini zaidi wakisikia sauti ya mwenzao.

Zoezi la kikundi: Mtu wa tatu

Watu kumi waketi mduara, wa lugha mbalimbali. Wa kwanza anapewa tangazo kwa Kifaransa. Anamnong'oneza wa pili kwa Lingala, wa pili anamnong'oneza wa tatu kwa Kiswahili, na kuendelea hivyo. Wa mwisho anasema kwa sauti alichosikia. Linganisheni na tangazo la kwanza. Kisha rudieni zoezi kwa kutumia yale mambo matano. Muda: dakika 45.

Maswali ya majadiliano

1. Katika simu yako, ni lugha gani unaitumia ukiwa na furaha? Na ukiwa na hofu?
2. Je, umewahi kusikia watu wakibadilisha lugha ulipofika? Ulifikiri nini?
3. Nani katika familia yako hafikiwi na matangazo ya Kifaransa? Nani hafikiwi na Lingala, au na Kiswahili?
4. Kama wewe ungekuwa jirani wa kabila lingine usiku ule, ungefanya nini badala ya kutoa panga?

Mwisho

Kijana wa kisa chetu anaendelea na masomo. Kwa muda mrefu aliona haya kuandika chochote katika kundi la ukoo. Siku moja shangazi yake alimwambia: «Mwanangu, usinyamaze. Andika tena, ila uandike kwa wote.» Sasa kila tangazo linalofika anasoma Kifaransa, anaandika Kiswahili na Lingala, kisha anarekodi odio moja kwa lugha ya nyumbani kwa ajili ya bibi yake. Mwishoni mwa kila moja anataja jina lake na la yule aliyempa habari.

Inamchukua dakika kumi, na mega kidogo zaidi.

Tunawatakia mazungumzo mema na usiku wa usingizi mtulivu, upande wowote wa mto mnakokaa.